Hans Selye na Panya Waliochoka

Hans Selye alizaliwa Vienna mwaka 1907, akasomea udaktari Prague, kisha akahamia Montreal, Kanada. Katika Chuo Kikuu cha McGill alikuwa akitafuta homoni mpya, akiwadunga panya majimaji yaliyotolewa kwenye ovari. Alipowapasua, alikuta tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zimevimba, na tumboni mna vidonda. Akadhani ameipata homoni yake. Lakini panya waliodungwa fomalini, waliowekwa kwenye baridi na waliolazimishwa mazoezi mazito walionyesha dalili zile zile. Basi akaacha alichokuwa akikitafuta, akafuata alichokiona. Mwaka 1936 alitangaza katika jarida la Nature kwamba mwili hushtuka kwanza, kisha huzoea. Taabu ikiendelea kwa miezi, panya yule yule aliyezoea huishiwa nguvu. Hali hiyo aliiita msongo. Alifariki mwaka 1982.

Ndugu zangu, mitihani inapokaribia tunakesha na kujisifu kwamba tumezoea. Panya wale nao walizoea. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa mwili una haki yake. Tusome, kisha tulale.