Tippu Tip: mfanyabiashara wa pembe aliyekuwa gavana wa Kisangani, kisha mwandishi

Ukila wali hapa Kisangani na kuzungumza Kiswahili na wenzako mezani, ujue mambo hayo mawili, mchele na lugha, yalifika huku pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe za tembo kutoka Unguja. Mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Wazee wetu walimjua kwa jina la Tippu Tip. Wengine wanasema jina lilitoka kwenye mlio wa bunduki zake, wengine kwenye macho yake yaliyokuwa yanapepesa.

Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Akiwa kijana wa miaka kumi na miwili hivi alikuwa tayari anauza sandarusi, biashara ndogo tu. Kisha akamfuata baba yake Tabora, wakavuka Ziwa Tanganyika. Kwa mtaji alikopa mali kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, akawalipa kwa pembe.

Lakini bunduki peke yake haikumtajirisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alisikia kwamba Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetera, alikuwa na dada zake waliotekwa zamani na kupelekwa mbali. Basi akaenda kwake na kumwambia kwamba bibi yake mwenyewe, mzaa mama, ndiye mmoja wa wale dada. Mzee akaamini! Akamwachia utawala, na pembe za nchi nzima zikaanza kufika mikononi mwa mjukuu huyu wa uongo. Hakuna ukoo uliokuwepo pale. Ilikuwa akili ya biashara tu, na kusema kweli ilifanya kazi kuliko vita vingi alivyopigana.

Pembe zilihitaji mabega ya kuzibeba mpaka baharini, na wengi wa waliozibeba walikuwa watumwa. Vijiji vilichomwa Maniema na kando ya Lualaba. Hatuwezi kusimulia utajiri wake tukaruka hilo.

Mwaka 1876 Stanley alimwahidi dola 5.000 amsindikize kwenye mto kutoka Nyangwe. Alimsindikiza kwa sehemu ya safari, akarudi. Miaka saba baadaye Stanley alisimika kituo hapa kwenye maporomoko ya Wagenia. Agosti 1886 vita vilizuka kituoni, juu ya mwanamke mtumwa aliyekimbilia pale na mkubwa wa kituo, Deane, akakataa kumrudisha. Watu wa Unguja walishinda, Deane akatorokea porini. Tippu Tip mwenyewe hakuwepo.

Leopold wa 2 hakuwa na askari wa kutosha kurudisha kituo kwa nguvu. Kwa hiyo Februari 1887, kule Unguja, Stanley alimpa Tippu Tip mkataba: awe gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani yetu, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Apandishe bendera ya Leopold, azuie utekaji wa watumwa, biashara yake nyingine iendelee. Alizunguka Afrika kwa meli, akapanda mto Kongo, akafika huku Juni. Ajabu yenyewe: mwenye watumwa ndiye aliyewekwa kuzuia utumwa.

Mwaka 1890 aliondoka, na hakurudi tena. Wabeleji walikuwa wanazidi nguvu kwenye mto na pembe walizitaka wao wenyewe. Vita vilipoanza mwaka 1892 yeye alikuwa Unguja. Mwanawe Sefu alikufa vitani mwaka uliofuata, na Nyangwe na Kasongo zikaanguka.

Akiwa mzee na mashamba yake saba, alifanya kazi ambayo matajiri wachache wa wakati wake waliifanya: aliandika maisha yake. Heinrich Brode, Mjerumani, ndiye aliyemsukuma. Aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na maandishi yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni kati ya vitabu vya kwanza kabisa vya mtu kueleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Alikufa Unguja Juni 1905.

Ndani ya kitabu hicho, pembe zinahesabiwa kwa frasila, kwa makini ya mtu wa duka. Watu waliotekwa hawatajwi majina. Anayesoma Kifaransa anaweza kukitafuta katika tafsiri ya padri François Bontinck, ya mwaka 1974.