H. G. Wells: siku Waingereza walitawaliwa na watu wa Mars

Leo tunawaletea maisha ya Herbert George Wells, muandishi wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1866 kule Bromley, karibu na London, na hakutoka ku jamaa ya wakubwa. Baba yake alikuwa na kaduka kasichoingiza kitu, mama alifanya kazi ya nyumba kwa matajiri. Kijana bado mudogo, wakamutia mu duka la vitambaa: saa 13 za kazi kwa siku, na kulala mule mule pamoja na wenzake. Akatoroka. Mwaka 1884 akapata bursi ya kusoma sayansi London.

Mwaka 1895 alitoa kitabu juu ya watu wa kesho. Matajiri wanacheza juu, kwenye jua. Wafanyakazi wamebaki chini ya udongo na mashini zao, mpaka macho hayavumilii tena mwanga. Mwishowe wa chini wanakula wale wa juu. Mwenye kushuka shimoni hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kile kinachotugusa ni cha 1898, juu ya watu wa Mars. Wazo lilitoka kwa kaka yake Frank. Siku moja walikuwa wanatembea wakizungumza habari ya Tasmania, kisiwa cha kusini ya Australia. Waingereza waliingia pale mwaka 1803, na miaka makumi machache ilitosha wenyeji karibu wote waishe, kwa bunduki, magonjwa na kunyanganywa udongo. Frank akajiuliza ingekuwaje kama wengine wangeshuka toka mbinguni na kuwafanyia Waingereza vile vile.

Wells akakamata ile wazo. Watu wa Mars wanashuka karibu na Woking, mahali yeye mwenyewe alikaa. Wako na silaha ya moto na moshi mweusi, na wanakamata watu ili wanywe damu yao. Waingereza, wenye kutawala sehemu kubwa ya dunia, njo wanakimbia sasa barabarani na watoto na vifurushi. Hakuna anayewauliza kitu. Mikrobi ndiyo inaua wageni, mizinga ilishindwa. Na mwanzoni kabisa anawataja Watasmania kwa jina, ili msomaji asijifanye hakuelewa. Ule mwaka wa 1898 reli ya Matadi ilifika Léopoldville, na weusi wengi walikufa mu kuijenga.

Hatumufanye mutakatifu. Mwaka 1901, mu kitabu Anticipations, huyu huyu aliandika kwamba weusi na watu wa rangi zingine wasioweza kufuata mwendo wa dunia mpya itabidi wapotee. Hilo hatulifuti. Mwaka 1905 akageuka, akaandika kupinga zarau ya rangi. 1906 akaenda Marekani, akaonana na Booker T. Washington, akasema vibaya jinsi weusi walivyotendewa kule. Mwaka 1940, vita ikiwaka, akaandika kitabu juu ya haki za kila mutu.

Alikufa London tarehe 13 Agosti 1946. Majivu yake yalimwagwa baharini.