TOM CREAN: KUTOKA BAHARIA HADI AFISA MTEULE

Safari hii tunamkumbuka Tom Crean, mtoto wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1877 huko Annascaul, Ayalandi. Masomo yake hayakufika mbali. Mwaka 1893, akiwa angali kijana mdogo, alijiunga na Jeshi la Majini la Uingereza, iliyokuwa ikiitawala nchi yake, akaanzia ngazi ya chini kabisa.

Mwaka 1901 meli yake ilikuwa New Zealand. Baharia mmoja wa meli ya Discovery alitoroka, naye Crean akajitolea kushika nafasi hiyo. Hivyo ndivyo alivyofika Antaktika mara ya kwanza, chini ya Kapteni Scott.

Alirudi huko na Scott mwaka 1911. Januari 1912, Ncha ya Kusini ikiwa imekaribia, Scott alichagua wanne wa kuendelea naye, akawarudisha Crean, Lashly na Luteni Evans. Njiani Evans alishikwa na kiseyeye, wakamvuta kwa sleji mpaka nguvu zikawaishia. Lashly akabaki na mgonjwa hemani. Crean akaenda peke yake kutafuta msaada. Alitembea kilomita 56 kwa saa 18 hivi, bila hema, kwa biskuti tatu na vipande viwili vya chokoleti. Alifika muda mfupi tu kabla ya dhoruba. Evans akapona, na baadaye akawa admirali. Crean na Lashly walipewa Nishani ya Albert. Scott na wanne wake hawakurudi.

Mwaka 1915 meli ya Shackleton, Endurance, ilipondwa na barafu. Mwaka uliofuata Crean alikuwa mmoja wa watu sita waliovuka bahari kwa mashua ndogo hadi Georgia ya Kusini. Kisha yeye, Shackleton na Worsley wakavuka milima kwa saa 36. Wenzao 22 waliobaki kisiwani waliokolewa wote.

Mwishoni mwa 1916 alipandishwa kuwa afisa mteule, serahangi, baada ya utumishi wa miaka 23. Alistaafu mwaka 1920, akafungua baa kijijini kwao. Nduguye, aliyekuwa polisi, aliuawa mwaka huohuo katika vita vya kudai uhuru. Crean akaficha nishani zake, asisimulie habari zake. Alifariki mwaka 1938 kwa ugonjwa wa kidole tumbo.

Vijana mlioko madarasani, cheo chake kilichelewa, lakini kazi haikungoja cheo.