Nyota ya Innes na Watoto wa Vanga

Mvuvi wa Vanga atokapo usiku huijua njia yake kwa nyota. Upande wa kusini, jirani na Msalaba wa Kusini, huona nyota mbili angavu zilizoongozana. Iliyo angavu zaidi ni Alpha Centauri. Karibu nayo ipo nyota ndogo nyekundu isiyoonekana kwa macho matupu, na aliyeigundua hakupata kusoma chuo kikuu.

Mtu huyo ni Robert Innes, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1861. Aliacha shule akiwa na miaka 12, akajifundisha mwenyewe hesabu na falaki. Alipokuwa na miaka 17 tu, Jumuiya ya Kifalme ya Falaki ya Uingereza ikampokea. Baadaye alihamia Sydney, Australia, ambako mchana aliuza mvinyo na usiku alitazama nyota. Mwaka 1896 alikubali kazi ya ukarani katika kituo cha falaki cha Cape, Afrika Kusini, na mwaka 1903 akapewa kuongoza kituo cha Johannesburg.

Mwaka 1915 Innes alilinganisha picha zilizopigwa kwa kupishana miaka mitano. Akaona nyota moja hafifu imesogea sawasawa na Alpha Centauri. Mwaka 1917 alipendekeza iitwe Proxima, yaani iliyo karibu. Umbali wake ni miaka 4.24 ya nuru, na ukiliacha Jua, haijajulikana nyota iliyo karibu nasi kuliko hiyo.

Innes alifariki mwaka 1933. Mwaka 1951, Harlow Shapley wa Harvard alibainisha kuwa nyota hiyo hulipuka, ikang'aa ghafla kisha ikafifia. Wataalamu huipitisha nuru yake katika spektroskopi, ikachanuka mithili ya upinde wa mvua. Wakati wa mlipuko mistari ya haidrojeni na kalsiamu huzidi kung'aa, nayo hueleza joto na mwendo wa gesi iliyofumuka. Jambo hili si dogo. Mwaka 2016 ilitangazwa sayari inayoizunguka Proxima, na milipuko hiyo yaweza kuipokonya hewa yake.

Wako watakaosema kuwa Innes alifunguliwa milango ambayo Mwafrika wa zama zile alifungiwa. Ni kweli, wala haifai kusahauliwa. Lakini kizuizi hicho kiliwekwa na binadamu. Mbingu hazikumbagua mtu. Leo tukimwacha mtoto wa Vanga bila maktaba, bila darubini hata moja ya shule, kwa kuwa karo imemshinda au mtihani umemwangusha, tutakuwa tumeufunga mlango uleule kwa mikono yetu wenyewe.

Mtoto huyo amekwisha kupokea kwa babaye nusu ya elimu ya nyota. Nusu iliyobaki imo vitabuni, na kumfikishia vitabu hivyo ni wajibu wetu. Elimu ni bahari. Tusimwache ufukoni aliyezaliwa baharini.