J. C. Carothers na Ubongo wa Mwafrika

Miongoni mwa madaktari waliohudumu nchini Kenya enzi za ukoloni, ni wachache ambao kalamu zao zilifika mbali kama ya John Colin Carothers. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903, akasomea udaktari Uingereza, na mwaka 1929 akaajiriwa na serikali ya kikoloni ya Kenya. Kwa takriban miaka tisa alitibu magonjwa ya kawaida. Mwaka 1938 akakabidhiwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, walikolazwa wagonjwa wa akili. Hakuwa bingwa wa maradhi hayo. Mafunzo rasmi aliyapata baadaye, tena kwa muda mfupi. Hata hivyo, aliiongoza hospitali hiyo hadi mwaka 1950.

Alirithi majengo, na akarithi mawazo pia. Mtangulizi wake, H. L. Gordon, alishikilia kuwa Mwafrika huzaliwa na akili pungufu. Naye F. W. Vint, mwanapatholojia wa serikali mjini Nairobi, alichapisha mwaka 1934 matokeo ya kupima bongo za maiti za Wakenya, akadai kuwa tabaka la juu la bongo hizo lilikuwa jembamba kuliko la Wazungu. Madai haya yalizungumzwa kana kwamba ni sayansi iliyokamilika.

Hapa sharti tusite kidogo, kwani sisi wanafunzi wa lugha aghalabu huyaachia mambo ya ubongo wenzetu wa udaktari. Ubongo wa binadamu una takriban seli za neva bilioni 86. Seli moja inapochangamshwa, mkupuo wa umeme husafiri kwenye uzi wake hadi nchani. Baina ya ncha hiyo na seli ya pili mna mwanya mdogo mno uitwao sinapsi. Aghalabu umeme hauuruki mwanya huo. Ncha hutoa kemikali inayoelea hadi ng'ambo na kunasa kwenye vipokezi vya seli ya pili, ikaichochea au ikaituliza. Otto Loewi alithibitisha mwaka 1921, kwa mioyo ya vyura, kwamba neva hupitisha ujumbe kwa kemikali. Isitoshe, mafungamano hayo huimarika au hudhoofika kulingana na yale mtu anayojifunza na kuyapitia. Kupima unene wa tabaka la ubongo wa maiti, basi, ni kama kupima unene wa kamusi ili kujua mwenyewe anazungumzaje.

Carothers hakuwa mkali kama Gordon. Kwa haki yake, aliandika mara kwa mara kuhusu malezi, lishe, maradhi na utamaduni. Lakini mwaka 1951 alichapisha makala kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata nyuzi zinazoiunganisha sehemu hiyo na nyinginezo. Upasuaji huo ulikuwa na sifa kubwa wakati ule. Mwasisi wake, Egas Moniz, alikuwa ametuzwa Nobeli mwaka 1949. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mawazo ya Mathari yakapata muhuri wa ulimwengu mzima. Alisema, kwa mfano, kuwa sonona ni nadra kwa Waafrika. Lakini aliwahesabu waliofikishwa hospitalini. Mtu mwenye huzuni nzito, anayejikunyata kimya nyumbani kwao, nani angemfikisha Mathari?

Mwaka 1954 serikali ilimwita tena Kenya, akaandika ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Aliyaeleza maasi hayo zaidi kama mtafaruku wa nafsi za watu walioondokewa na mila zao, na suala la ardhi likafifia. Aliunga mkono pia kuwakusanya watu vijijini. Katika miaka hiyo zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wakikuyu, walihamishiwa vijiji vilivyolindwa. Hapo ndipo nadharia ya neva ilipogusa nyua za watu.

Makala yake ya mwaka 1959 yanatuhusu zaidi sisi wa Kiswahili. Alidai kuwa asiyejua kusoma huishi katika ulimwengu wa sauti, ambamo neno lina nguvu na uhai, ilhali maandishi hulipoza neno na kumpa mtu nafasi ya kufikiri peke yake. Marshall McLuhan aliyategemea sana makala hayo katika kitabu chake cha mwaka 1962. Wazo lenyewe halikosi mvuto. Wataalamu wa fasihi simulizi wangali wanalijadili. Ila Carothers aliizungumzia Afrika kana kwamba haikuwa na maandishi, ilhali pwani ya nchi hiyo hiyo aliyoitumikia ilikuwa ikiandika kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa. Utendi wa Tambuka, kwa mfano, una tarehe ya mwaka 1728.

Frantz Fanon, daktari wa akili naye, alimkosoa vikali katika kitabu chake cha mwaka 1961, akionyesha kuwa mkoloni ameigeuza hali aliyoisababisha mwenyewe kuwa kasoro ya ubongo. Carothers hakuacha kuandika. Kitabu chake kingine kuhusu akili ya mtu wa Afrika kilitoka mwaka 1972, miaka tisa baada ya Kenya kupata uhuru. Alifariki mwaka 1989. Hospitali ya Mathari ingalipo, kando ya Barabara ya Thika.