Manuel d'Souza: Fundi nguo wa Arusha na jiwe la bluu. Je, tanzanite ina thamani ya bei yake?

Almasi, rubi na zumaridi vimevaliwa na wafalme tangu enzi za kale. Tanzanite haina hata miaka 60 sokoni. Na mmoja wa watu walioiingiza sokoni hakuwa mfalme wala tajiri wa migodi. Alikuwa fundi cherehani wa Arusha mjini.

Jina lake Manuel d'Souza. Wafanyabiashara wa vito duniani wanamfahamu, lakini huku nyumbani unaweza kupita maduka ya tanzanite ya Arusha mwaka mzima usisikie akitajwa.

Maisha yake yanasaidia kujibu swali ambalo kila anayetaka pete au hereni za tanzanite hujiuliza akishaambiwa bei: hivi hili jiwe lina thamani hiyo kweli, au tunalipia jina tu?

Cherehani na nyundo

D'Souza alikuwa Mgoa, yaani asili yake ni Goa, India. Wagoa wengi walikuja Afrika Mashariki enzi za ukoloni wakafanya kazi za ofisini, upishi na ushonaji. Yeye alishona nguo.

Lakini alikuwa na ugonjwa mwingine: madini. Muda wa ziada alikuwa akiacha cherehani na kwenda porini kutafuta dhahabu. Hakuwa mwanajiolojia wala hakuwa na kampuni nyuma yake. Alikuwa mtafutaji wa kawaida, wa aina ambayo Arusha haijawahi kukosa.

Julai 1967 akafika kwenye kilima karibu na Mirerani, kama kilomita 40 kusini-mashariki mwa Arusha, kwenye nyika za Simanjiro. Wakati huo eneo lote lilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Sasa hivi liko Manyara.

Pale chini aliona vipande vya mawe angavu, vya bluu iliyochanganyika na zambarau. Dhahabu haikuwepo, lakini alichokiona kilimtosha. Akaenda kuandikisha eneo serikalini.

Nani aliliona kwanza?

Hapa lazima tuwe wakweli. Tanzania inamtambua Jumanne Mhero Ngoma kuwa ndiye mgunduzi wa tanzanite, mwaka huohuo wa 1967. Mwaka 1984 alipewa cheti na Sh 50,000. Aprili 2018, Rais John Magufuli alimpa Sh milioni 100 hadharani pale Mirerani. Mzee Ngoma alifariki Januari 2019.

Wapo pia wanaosimulia kwamba Wamasai waliokuwa wakichunga ng'ombe ndio walioyaona mawe hayo kabla ya wote.

Kwa hiyo d'Souza huenda hakuwa wa kwanza kuliokota. Ila ni yeye aliyelifikisha jiwe hili kwenye karatasi za leseni na kwenye mikono ya wataalamu. Na kwenye biashara ya vito, kuokota ni hatua moja tu.

Jiwe bila jina halina bei

Tatizo la kwanza la d'Souza lilikuwa rahisi kulieleza lakini gumu kulitatua: hakujua ameshika nini.

Alidhani ni olivini. Baadaye akaona siyo, akaamini ni dumotieraiti, madini ya bluu ambayo kwa kawaida hayana soko la vito. Fikiria hali hiyo: una mzigo adimu kuliko almasi, lakini huwezi kuutajia bei kwa sababu hujui unaitwaje.

Mawe yakafika kwa John Saul, mwanajiolojia na mfanyabiashara wa vito aliyekuwa Nairobi. Saul akayatuma kwa baba yake, Hyman Saul, aliyekuwa bosi kwenye duka kubwa la Saks Fifth Avenue jijini New York. Naye akayapeleka kwa wataalamu wa taasisi ya vito ya Marekani, GIA.

Jibu: ni zoisaiti, madini yaliyojulikana siku nyingi, ila ya rangi ya bluu inayong'aa namna ile hayakuwa yamewahi kuonekana. Kumbe jibu hilohilo lilikuwa limeshapatikana hapa nchini. Mwanajiolojia wa serikali aliyekuwa Dodoma, Ian McCloud, ndiye aliyelitambua kwanza kwa usahihi.

New York ikalipa jina

Kampuni ya Tiffany & Co. ya New York ikalipenda, lakini jina halikuwafaa. Zoisite likitamkwa kwa Kiingereza linakaribia neno linalomaanisha kujiua. Nani atamvisha mchumba wake pete ya jiwe hilo?

Henry Platt wa Tiffany akaja na jina jipya, tanzanite, kutokana na nchi linakotoka. Mwaka 1968 kampuni ikaanza kulitangaza kwa nguvu, ikisisitiza kwamba halipatikani kwingine.

Jiwe lilikuwa lilelile la Mirerani. Kilichobadilika ni jina, tangazo na kioo cha duka. Bei ikapanda kutokea hapo.

Hakukaa kuiona neema

Mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya safari ile ya Mirerani, d'Souza alifariki kwa ajali ya gari.

Mwaka 1971 serikali ikataifisha machimbo. Miaka iliyofuata wachimbaji wadogo walimiminika Mirerani kwa maelfu, wengi wakiwa na tochi kichwani na kamba tu. Wengi hawakurudi. Aprili 1998, mvua kubwa zilijaza maji kwenye mashimo na kuua makumi ya wachimbaji.

Hii nayo imo ndani ya bei ya tanzanite, hata kama haiandikwi kwenye risiti.

Adimu, lakini bei inayumba

Kuhusu uadimu hakuna ubishi. Almasi inachimbwa nchi nyingi, ikiwemo kwetu Mwadui. Tanzanite inachimbwa kibiashara sehemu moja tu duniani, eneo dogo ambalo tangu 2018 limezungushiwa ukuta wa kilomita 24.5.

Ingekuwa uadimu peke yake ndio unaopanga bei, basi tanzanite ingeipita almasi mbali sana. Lakini almasi nzuri bado ina bei kubwa zaidi kwa karati. Kwa nini?

Kwa miongo mingi almasi ilikuwa na kampuni kubwa, De Beers, iliyodhibiti kiasi kinachoingia sokoni. Tanzanite ilichimbwa na maelfu ya watu, ikapita kwa madalali wengi, ikavuka mipaka kwa magendo, na nyingi ikaenda kukatwa Jaipur, India. Uadimu wa ardhini haukuwa uadimu wa sokoni.

Tena inategemea sana jina zuri. Mwishoni mwa 2001, gazeti moja la Marekani lilidai biashara ya tanzanite inawanufaisha al-Qaeda. Tiffany na wauzaji wengine wakasitisha kuiuza, bei ikaporomoka. Baadaye serikali ya Marekani ilisema haikupata ushahidi.

Mwaka 2002, chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani kikaiweka tanzanite kwenye orodha ya vito vya waliozaliwa Desemba. Soko likachangamka. Mawe yalikuwa yaleyale.

Hesabu ya Laizer

Juni 2020, mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa Sh bilioni 7.74. Ukigawanya, ni kama Sh 538,000 kwa gramu, sawa na takriban Sh 108,000 kwa karati, jiwe likiwa ghafi.

Hela nyingi? Ndiyo. Lakini sehemu kubwa ya jiwe ghafi hupotea wakati wa kukata, halafu kila mkono linapopita unaongeza chake mpaka lifike kwenye pete.

Sasa, inunuliwe au iachwe?

Ukinunua kwa uzuri wake, inafaa. Tanzanite safi ukiigeuza inaonyesha bluu, zambarau na hata damu ya mzee ndani ya jiwe moja. Ni vito vichache vinavyofanya hivyo.

Ukinunua ukitegemea kuuza kwa faida baada ya miaka mitano, fikiria mara mbili. Dukani unalipia jiwe pamoja na kodi ya pango, mkataji, dalali na jina. Siku ukirudi kuuza, utalipwa jiwe tu.

Kabla hujatoa hela, zingatia haya:

• Rangi ndiyo bei. Bluu iliyokolea inauzwa ghali, iliyopauka inatakiwa iwe nafuu.

• Karibu zote zimechomwa. Jiwe huwa la kahawia likiwa ghafi, linapashwa joto la nyuzi kama 500 hadi 600 ndipo linakuwa bluu. Huo sio utapeli, ila anayekuambia yake haijachomwa aonyeshe cheti cha maabara.

• Sio gumu. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs tanzanite ina 6 hadi 7, yakuti ya bluu ina 9. Mchanga uliomo kwenye vumbi la kawaida unaweza kuikwaruza. Hereni na mkufu ni salama kuliko pete ya kila siku.

• Nunua kwa mwenye leseni, na udai risiti.

D'Souza alikuwa na jiwe mkononi kabla halijawa na jina, na bila jina halikuwa na bei. Wewe unakutana nalo likiwa tayari na jina kubwa. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kiasi gani ni cha jiwe na kiasi gani ni cha jina. Akishindwa kujibu, una haki ya kuomba apunguze.