R. C. Sherriff: Karani Aliyesema Kweli Juu ya Vita

Kila Novemba tunapowakumbuka waliokufa vitani, ni rahisi kwetu kusema kuwa wote walikuwa mashujaa, kisha tukaishia hapo. Mara hii tumeona vema kueleza maisha ya mtu ambaye hakuishia hapo.

Robert Cedric Sherriff alizaliwa tarehe 6 Juni 1896 huko Hampton Wick, karibu na London. Baba yake alikuwa karani wa bima, naye alipomaliza shule akaingia kazi hiyohiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa ofisa wa kikosi cha East Surrey. Aliishi mahandakini Ufaransa, kati ya matope, panya na mizinga, na mwaka 1917 alijeruhiwa karibu na Ypres, nchini Ubelgiji.

Vita ilipokwisha alirudi kwenye bima. Jioni aliandika michezo ya kuigiza ili kukichangia fedha chama chake cha wapiga makasia. Ndipo alipoandika Journey's End, yaani Mwisho wa Safari. Wenye kumbi waliukataa, maana haukuwa na mwanamke hata mmoja, na watu walikuwa wamechoka kusikia habari za vita. Hata hivyo ulionyeshwa London Desemba 1928, na kuanzia Januari 1929 ukachezwa karibu mara 600.

Mchezo wote ni ndani ya handaki moja karibu na Saint-Quentin, Machi 1918, siku chache kabla ya Wajerumani kushambulia. Kapteni Stanhope ni kijana hodari, apendwaye na askari wake. Lakini baada ya karibu miaka mitatu ya vita hawezi kupanda kwenda mstari wa mbele bila kunywa wiski. Chini yake yuko Hibbert, anayedai kuwa anaumwa mishipa ya kichwa ili arudishwe nyuma. Stanhope amtishia kwa bastola. Hibbert asema heri auawe. Basi Stanhope aiweka bastola chini, akakiri kwamba naye anaogopa vilevile. Hibbert abaki.

Hapo ndipo tunapomwona Sherriff alivyo. Yeye mwenyewe akiwa vitani alisumbuliwa na maumivu kama hayo, na aliijua hofu. Angeweza kumfanya Hibbert mtu wa kuchekwa. Badala yake alimpa ugonjwa wake mwenyewe. Wala hakumficha Stanhope ulevi wake. Osborne, mwalimu mpole, auawa katika shambulio la mchana ili apatikane mateka, na usiku uleule maofisa wenzake wala kuku na kunywa mvinyo. Kijana Raleigh akasirika, asijue kuwa Stanhope anywa ili asahau. Asubuhi Raleigh mwenyewe afa.

Baadaye Sherriff aliandikia sinema. Maarufu mojawapo ni The Dam Busters ya mwaka 1955, juu ya marubani wa Uingereza waliobomoa mabwawa ya Ujerumani mwaka 1943. Mwisho wake si shangwe: mvumbuzi wa bomu ahuzunika kwa vijana waliopotea, na kamanda aenda kuandika barua kwa jamaa zao. Lakini watu zaidi ya 1,000 waliokufa kwa mafuriko hawaombolezwi vivyo hivyo. Tuseme kweli: huko Sherriff hakufika mbali kama alivyofika handakini.

Alifariki tarehe 13 Novemba 1975.

Tunajifunza nini? Katika vita hiyohiyo ya kwanza wazee wetu wengi walibebeshwa mizigo ya majeshi hapa Afrika Mashariki, na jina la Kariakoo latokana nao. Nao walikuwa watu wenye hofu kama Hibbert na uchovu kama Stanhope. Bwana wetu mwenyewe alihuzunika sana Gethsemane, akaomba kikombe kimwepuke. Basi tusiwaheshimu wafu kwa kuwasingizia kwamba hawakuogopa. Na mtu aliyerudi kutoka vitani akiwa mlevi au mwenye kutetemeka usiku, kabla ya kumhukumu, tukae naye kwanza kama Stanhope alivyokaa na Hibbert.